Uwanja Mweupe

Nyumba yetu ya mlimani, Mwanza, ilijengwa bila ngazi. Unatoka mlangoni, unakanyaga uwanja, basi. Mume wangu aliijenga kwa kiinua mgongo alipopunguzwa kazi kiwandani, miaka ile ya tisini ya soko huria, wakati viwanja vya bondeni vilikuwa vimeshikwa na kila mtu anakimbilia mlimani. Hatukuwa na kitu kingine duniani.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu kutoka Nansio na sheria moja: uwanja uwe mweupe. Jua linapochomoza niwe nimeshafagia, lisionekane hata jani. Ukoka ukichungulia, anaung'oa kwa vidole.

"Nyumba yenye majani ina mwanamke mvivu," alikuwa anasema, kwa sauti ya kufika kwa jirani.

Mvivu, mimi? Thubutu! Nilifagia kwa hasira mpaka mafagio yakawa yanaisha kabla ya mwezi.

Na mimi ni mwalimu wa jiografia, jamani. Saa nne nasimama darasani, nawaonyesha wanafunzi dirishani yale mawe makubwa yaliyobebana juu ya mlima. Hakuna jitu lililoyapanga, nawaambia. Yalikuwa ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa, mwamba ukalainika ukawa udongo, mvua ikauhamishia ziwani kidogo kidogo, yakabaki yale magumu. Pasipo na majani, mvua haina wa kuizuia. Jioni narudi nyumbani, naandaa fagio la kesho.

Mwaka wa pili mlango ukawa juu, mume wangu akaweka jiwe la kukanyagia. Baada ya masika mengine akaweka la pili, kisha la tatu. Wageni walizisifu ngazi zetu. Mimi nilikuwa naona msingi unavyochomoza kama jino lililoachwa na ufizi, na mvua ikinyesha, maji mekundu yanateremka kuelekea ziwani. Nilijua ule ni uwanja wetu. Nilinyamaza, nikafagia.

Mchana mmoja wa masika mvua ilichimba chini ya kona ya nyumba. Ukuta wa jikoni ukalala, ukavuta na wa chumbani. Hatukuumia, maana sote tulikuwa sebuleni, lakini paa lilipinda na nyufa zikatambaa nyumba nzima. Fundi alikuja, akasema hapa ni kubomoa. Mume wangu alikaa juu ya matofali akalia. Sikuwa nimewahi kumwona analia.

Nikashindwa kujizuia. "Ni kufagia huku! Udongo wote tumeupeleka ziwani!"

Mama mkwe akageuka. "Nani kakwambia?"

"Ndicho ninachofundisha, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujahamia hapa."

"Na ukanyamaza?"

Nikasema ukweli. "Niliogopa utaniita mvivu."

Alimtazama mwanawe pale juu ya matofali.

"Ningekuita," akasema. "Ningekuita mvivu, na mwanangu angekuwa na nyumba."