Ufunguo Ulikuwa Shingoni mwa Kinyozi

Wifi yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na mtaani wanamwita Mama Filimbi. Jina hilo nilimpa mimi kwa kumcheka. Siku alipokuja na mfuko wa filimbi za plastiki, kila moja kaishonea kamba ya mabaki ya kitambaa, nilimwuliza, "Umeajiriwa urefa?" Hakucheka. Huyu akishaamua jambo, mcheke mpaka mbavu zikuume, yeye anaendelea tu kugawa.

Sababu alikuwa nayo. Jioni moja vibaka walimvizia uchochoroni, wakampora mkoba, wakambamiza ukutani, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuna mlango uliofunguka. Michubuko hata hakuitaja, alichotaja ni milango. "Walinisikia, wifi," aliniambia. "Niliona pazia likitikisika."

Basi akazunguka nyumba hadi nyumba akiwa na sheria moja: ukisikia filimbi, acha unachofanya, kimbia. Mwanzoni tulikoma. Mtu kapotelewa na kuku, anapuliza. Mwingine kagombana na mumewe, anapuliza. Lakini taratibu watu wakazoea, vibaka wakahama, na majirani waliokuwa wakipishana kama mabubu wakaanza kuombana chumvi. Hilo nalisema wazi, maana sasa wapo wanaojifanya wamesahau.

Geti likaja baadaye. Uchochoro wetu hauna pa kutokea, kwa nyuma unaishia kwenye ukuta mrefu wa kiwanda. Kaka yangu, yaani mume wa wifi, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akajitolea kutengeneza geti la kufunga mdomo wa uchochoro. Alichagua nondo nene, akalipandisha mpaka usawa wa mabati, na juu akaweka ncha. "Hapa hata paka ataomba ruhusa," alijisifu. Kwa kuwa wezi wa mchana walikuwa wametumaliza kwa kutuibia mitungi ya gesi, tukakubaliana lifungwe mchana pia. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, wifi hakutaka nakala zizagae. Akapewa kinyozi, rafiki wa kaka, kwa sababu kibanda chake kiko hapo hapo nje ya geti na kutwa nzima habanduki. Wifi alimshonea kamba ya bluu auvae shingoni.

Asubuhi ile kaka alikuwa anakunywa chai. Akashika kifua, akasema, "Mke wangu, kuna kitu kimenikalia hapa," akaanguka na kikombe. Wifi akapuliza filimbi.

Jamani, walikuja! Milango yote ilifunguka, hata ule wenye pazia. Wanaume wakambeba kaka juu ya godoro mpaka getini. Kwa nje, dereva wa teksi alishafungua mlango wa gari, na nesi wa uchochoro wa pili alishafika na nguo zake za nyumbani, mikono ina povu la sabuni. Kati yetu na wao, geti limefungwa.

"Kinyozi yuko wapi?" wifi aliuliza.

Mteja mmoja alitoka kibandani, shuka la kunyolea bado liko shingoni, kichwa kimenyolewa nusu. "Kasikia filimbi kule bondeni," alisema. "Kuna mtoto kapotea. Kaniacha hivi hivi, kakimbia."

Tulipiga kufuli kwa mawe. Mtu akaleta msumeno wa chuma, akakata mpaka jasho likamtiririka, nondo hata haijafika nusu. Wawili wakajaribu kumpandisha kaka mabegani wampitishe juu, lakini kaka alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na zile ncha zilikuwa zinamsubiri. Wakamshusha. Nesi akapenyeza mkono katikati ya nondo, akamshika kifundo cha mkono.

"Hospitali, sasa hivi," alisema. "Mimi hapa sina cha kumpa, nisameheni."

Kaka alikuwa macho. Alikuwa analitazama geti lake. Wifi alilishika kwa mikono miwili akalitikisa, akaligombeza kama mtu: "Fungua! Fungua, wewe!" Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya kaka, na miguu ilikuwa inapoa.

Kinyozi alitokea kwenye kona akikimbia, ufunguo unarukaruka kifuani, uso umejaa furaha. "Kapatikana!" alipaza sauti. "Alikuwa kalala kabatini!" Kisha akatuona.

Kufuli lilifunguka bila hata kukwaruza. Kaka alikuwa amelitia mafuta wiki ile ile. Alifia garini, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, hata barabara kuu hatujaifikia. Daktari akatuambia mngewahi kidogo tu. Sijui husema hivyo ili iweje.

Baada ya mazishi majirani walikuja na nyundo, wanataka kuling'oa geti. Wifi akawazuia. "Hiyo ni kazi ya mikono yake," alisema. "Liacheni wazi." Likabaki wazi mpaka leo, halina kufuli.

Kinyozi alikuja siku nyingine, peke yake. Mimi, kusema kweli, nilikuwa nimemwandalia maneno, na yalikuwa machafu. Akapiga magoti mbele ya cherehani, akavua ile kamba ya bluu, akaiweka juu ya meza.

"Shemeji, nitukane," alisema. "Nipige. Niliondoka na ufunguo."

Wifi aliichukua kamba, akaitazama pale alipoishonea fundo kwa uzi wa rangi mbili.

"Nikutukane kwa lipi, shemeji?" alisema. "Ulisikia filimbi, ukaacha kila kitu, ukakimbia. Ulifanya vile vile nilivyokufundisha. Hilo ndilo linaloniua."