Cheni ya Taimingi na Mama Mkwe

Jumanne nilikuwa kwenye kizuizi cha polisi hapa Isiolo, nikingoja kuandikishwa kitabuni kabla ya kuelekea kaskazini, pikapu iliyokuwa mbele yangu ilipotoa mlio kama wa bunduki. Koplo mwenye kaptura iliyonyooshwa kwa pasi akalala chini kifudifudi, kalamu mkononi.

Alipoinuka alijipangusa magoti, akamwita dereva kando. "Umebeba silaha?"

"Hapana, afande. Ni injini. Niliifungua mwenyewe nyumbani, Bulla Pesa. Kurudisha, cheni ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa injini, ikaruka jino moja, ndiyo maana inalipuka hivyo."

"Fundi gani haweki alama ya mahali cheni inakaa?"

"Niliweka, ya rangi nyeupe." Dereva akashusha sauti. "Mama mkwe akaosha vyuma vyote na sabuni, alama ikatoka. Ndiye huyo, namrudisha kwake Merti."

Koplo akachungulia. Bibi mmoja alikuwa ameketi mbele, ametulia kabisa.

"Basi rudi nyumbani ukarekebishe."

"Nikirudi ataniuliza kwa nini, afande. Nitamwambia nini?"

Koplo akafungua kitabu, akakifunga. Kina mahali pa ng'ombe, mbuzi na abiria, lakini serikali haikuacha nafasi ya mambo ya ukweni.

Bibi akatoa kichwa dirishani. "Afande, hiyo injini niliiosha mimi. Umesikia vile imepata nguvu?"

"Nimesikia, mama," koplo akasema, akainua kizuizi kwa mikono miwili.

Kisha akanigeukia mimi, ambaye gari langu halijawahi hata kukohoa, akaniamuru nishushe mizigo yote.