Kibao cha 40 mbele ya nyumba ya Maman Furaha

Leo nimejua namna wilaya inapanga spidi ya barabara yetu.

Asubuhi, hapa Gihundwe, bafanyakazi ba wilaya bamesimika kibao cha spidi 40 mbele ya nyumba ya jirani yangu, Maman Furaha.

Palepale lori ilimugonga bwana yake mwezi uliopita. Alikufa.

Maman akatoka, akabashukuru. Kisha akauliza:
"Na pale chini, batoto banapovukia kwenda masomo? Tuliomba kibao huko pia."

Enjenyeri wao akaangalia viatu vyake.
"Maman, pale bado hakuna muntu amekufa. Tunaanzia penye ajali."

Maman akakaa chini, kwenye udongo mubichi wa shimo la kibao.

Nyinyi bazazi, kesho batoto benu batapitia wapi?