Kaka Alitaka Kutubu

Mimi vita sivipendi, sijawahi kuvipenda, na siku kaka yangu alipokuja nyumbani kusema amejiandikisha jeshini nilimtolea uvivu mbele ya mama. Wazungu wawili na karani wao walikuwa wamesimama pale Mlandege, mjini Iringa, wakiwasifu Wahehe kwamba ni watu wa vita tangu mababu. Kaka akavimba kichwa. Nikamwuliza, "Unakwenda kuua watoto wa watu, wamekukosea nini?" Akacheka tu. Alikuwa mpole, jamani, mpole kupita kiasi. Hata kuku wa sikukuu alimchinja huku amegeuza uso.

Wakampeleka Kenya, kwenye misitu, kuwasaka waasi wakati wa hali ya hatari. Alikaa miaka miwili. Siku ya kurudi kijiji kizima kilitoka kumpokea, vigelegele mpaka barabarani, na mkuu wa wazee wa usharika wetu akamshika mkono akamwita shujaa. Mimi nilisimama kando nimenuna.

Lakini hata mwezi haukwisha, akadandia lori mpaka Mbeya, akapanda milima kwa miguu kutafuta nyumba ya wazazi wa mwenzake aliyefia msituni. Aliwapelekea koti la mtoto wao, akakaa nao siku nne akiwalimia. Hakutumwa na mtu. Aliporudi, miguu imevimba, nilimwekea maji ya moto na chumvi, nikamwambia, "Kaka, nakuheshimu." Nilimaanisha. Vita sikuvisamehe, na mpaka leo sijavisamehe, ila yeye nilimheshimu.

Siku hiyohiyo, tukiwa tunapukuchua mahindi, akaniambia. Kule Kenya walikuwa wameotea njia asubuhi. Akatokea mama mmoja na kikapu mgongoni, wakamwamuru asimame, hakusimama. Kaka ndiye aliyepiga risasi. Walipokifungua kikapu wakakuta viazi. "Viazi vitupu, dada," alisema, na mikono yake haikuacha kupukuchua. Tangu hapo hakuwa amekula Meza ya Bwana.

Sasa kanisani kwetu kulikuwa na utaratibu. Aliyeoa mke wa pili, aliyekunywa pombe, aliyekwenda kwa mganga, alitengwa. Miezi mitatu aliketi benchi la nyuma, Mezani hakaribii, kisha akasimamishwa mbele ya watu, akalitaja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na kanisa zima likamwitikia kwamba amesamehewa. Kaka alitaka hilo tu. Alitaka amtaje yule mama mbele ya watu, na watu wamwitikie.

Mkuu wa wazee, yuleyule aliyemwita shujaa, alikataa. "Hilo si kosa, mwanangu," alimwambia, mimi nikiwepo. "Serikali ilikutuma. Nikikusimamisha wewe nitaulizwa kama tunaipinga serikali." Kaka alikwenda mara tatu. Mara ya tatu mzee akamcheka, akamwambia shujaa halii.

Mvua zilipoanza, ulanzi ukajaa kijijini, maana ndiyo majira mianzi inapogemwa. Jumamosi moja mchana kaka alikaa kando ya mlango wa kanisa na kibuyu kizima. Yeye ambaye pombe hakuionja hata kambini! Akasubiri mzee apite. Alipopita, kaka akasimama, akamwamkia kwa adabu zote, "Kamwene, mzee," akaketi, akanywa.

Jumapili akatengwa. Sijapata kuona mtu aliyetengwa akapumua vile. Miezi mitatu aliketi benchi la nyuma, mgongo wima, viatu vimepigwa rangi. Nilijua anachotafuta. Nilikuwa namwombea kila siku afike hapo mbele.

Siku ikafika. Niseme kwamba mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo kanisani, kazi niliyopewa tangu nikiwa msichana, kabla sijaolewa. Kaka akatoka, akasimama mbele, kofia mkononi. Mzee akamwambia, "Taja kosa lako."

"Nilimwua mama wa watu," kaka akasema.

Watu wakageukiana.

"Alikuwa amebeba…"

Mzee akageuka kunitazama, akainua mkono. Ilikuwa ishara yetu ya kila Jumapili: anza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sitasema nilichanganyikiwa, maana nitakuwa nadanganya. Wakwe zangu walikuwa wameketi safu ya tatu, wananitazama. Niliona aibu, mwenzenu. Niliogopa. Nikaanza wimbo, tena sauti haikutetemeka hata kidogo, na kanisa zima likadakia kwa nguvu, watu waliofurahi kupata cha kufanya. Tuliimba beti zote. Kaka alisimama kikakamavu, macho mbele, midomo imefungwa, mpaka tulipomaliza.

Mzee akarudia kumwuliza. Kaka akasema taratibu, "Nilikunywa ulanzi."

"Umesamehewa!" kanisa likaitikia, na sauti yangu ikiwemo.

Akaitwa Mezani. Hakwenda. Alipita katikati ya watu wote, akatoka nje, na hakuingia tena humo maisha yake yote.

Nilimfuata mbio mpaka kwenye mteremko wa mtoni, kanga inaburuzika, nalia mpaka kamasi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Kaka, nimekukosea, nisamehe. Nipige kama unataka."

Alinifuta uso kwa kiganja chake, akanifunga kanga vizuri.

"Hujanikosea, dada," akasema. "Umetii amri tu."

Ningependa kusema alinisuta. Hakunisuta, alikuwa ananihurumia.