Maisha ya Mama Kunguru, Aliyeomba Mlango Ufunguliwe

Alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Februari 1938, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yake, fundi saa. Mama yake alikuwa dobi, na mtoto huyu wa tano alimjia kabla miezi haijatimia. Mkunga alimviringisha kwa pamba akasema asipewe jina zuri mno, maana huenda halitatumika. Akabatizwa siku ya tatu, haraka haraka, kwa kuwa hakuna aliyedhani angeiona ya nne. Aliiona ya nne na nyingi nyingine, lakini ni kama hofu ya siku zile ilimwingia mwilini ikakataa kutoka. Saa za ukutani zilipogonga zote pamoja, alijificha chini ya kitanda. Aliogopa radi, mbwa na mwalimu wa hesabu. Kulikuwa na bata bukini wa jirani, na kwa ajili ya ndege huyo alizunguka mitaa miwili kwenda dukani kununua chumvi. Kaka zake wakamwita Kunguru, kwa ule msemo kwamba kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Jina likamganda. Hata leo waumini wanaomwomba awaombee humwita Mama Kunguru, na Kanisa limewaachia.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka tisa alimuuliza baba yake, aliyekuwa ameinamia saa, kioo kikiwa jichoni, "Baba, hivi Mungu anawapenda waoga?" Fundi saa hakuinua kichwa. "Hilo kamuulize padri, mwanangu. Mimi najua saa tu. Inayotetemeka ndiyo inayokwenda. Ikitulia, ujue imekufa."

Mwaka 1957, akiwa na miaka kumi na tisa, aliomba kujiunga na watawa, akapokelewa. Alikaa miezi minane. Kila alipopewa zamu ya kusoma mbele ya masista, herufi zilimkimbia. Mara tatu alizimia kanisani na kitabu kikaanguka pamoja naye. Mama Mkuu alimwita akamwambia kwa upole, "Binti yangu, sidhani kama Mungu alikosea kukuita. Labda umebisha hodi nyumba siyo." Akarudi nyumbani na sanduku lake la bati, na kwa miaka miwili aliamini kuwa Mungu amemtazama vizuri akageuza uso. Mwaka 1960 aliolewa na seremala, mtu mpole wa maneno machache, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona nguo, akipachika vifungo ghorofa ya juu. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya mia mbili, karibu wote wanawake. Ukumbi ule ulikuwa na milango miwili: wa mbele, ulioshukia kwenye ngazi kuu, na wa nyuma, ulioshukia uani. Wa nyuma ulifungwa kwa mnyororo na kufuli tangu siku majora ya vitambaa yalipoibwa, na ufunguo ulining'inia kiunoni mwa meneja. Siku yake ya kwanza kazini, kabla hajagusa sindano, Kunguru alihesabu hatua. Kutoka kwenye kiti chake hadi mlango wa mbele zilikuwa arobaini na moja, kupita katikati ya vyerehani. Hadi mlango wa nyuma zilikuwa sita. Wenzake wakacheka. "Kunguru anapima uwanja wa kukimbilia!" Alicheka nao, lakini kila asubuhi alihesabu tena. Watu wenye ujasiri walikuwa wamefanya kazi humo miaka kumi bila kuuona mnyororo ule. Mwoga aliuona siku moja.

Tarehe 13 Juni 1974, saa nne asubuhi, waya wa pasi ulitoa cheche na rundo la mashati likashika moto. Moto wenyewe ulizimwa kwa ndoo mbili za maji, hata dakika tano hazikuisha. Ila moshi ulikuwa umetanda, na watu walikimbilia mlango uliokuwa karibu. Waliusukuma, nao haukwenda popote, na waliokuwa nyuma hawakujua hivyo, wakazidi kusukuma. Moshi ulipotoka, alikutwa amebanwa pale mlangoni mpachika vifungo mmoja, mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi minane, aliyeketi meza moja na Kunguru. Walizikwa Jumamosi, mama na mtoto kaburi moja. Meneja alileta shada la maua. Jumatatu mnyororo ulikuwa pale pale, na kwenye rangi ya mlango kulikuwa na alama za kucha. Wiki iliyofuata mlango ukapakwa rangi upya.

Kunguru hakuweza kula. Alikwenda kwa paroko kumwomba aweke nia ya Misa, kwamba mnyororo uondolewe. Paroko, mzee asiyependa maneno mengi, alimjibu, "Kuomba tutaomba, mama. Lakini ufunguo hauko mbinguni, uko kiunoni mwa meneja. Naye mwombe." Baadaye alimwambia mumewe kuwa maneno yale yalimshukia kama ndoo ya maji baridi. Maisha yake yote alikuwa ameomba akiwa amepiga magoti, mahali ambapo hakuna anayejibu kwa ukali. Sasa aliambiwa akaombe akiwa amesimama.

Aliandika mistari minne kwenye karatasi ya daftari la binti yake: "Sisi wafanyakazi tunaomba mlango wa nyuma usifungwe kwa mnyororo tukiwa ndani. Mwenzetu amefia hapo. Hatudai kingine. Tunaomba kwa heshima." Kwa muda wa wiki tatu karatasi ilipita kutoka mkono hadi mkono chini ya vitambaa, na watu arobaini na watatu walitia saini au dole gumba. Akaipeleka ofisi ya kazi. Ofisa alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akaisoma akitikisa kichwa kwa huzuni, akamsindikiza hadi mlangoni. Jioni ile ile karatasi ilikuwa mezani kwa meneja.

Waliitwa mmoja mmoja. Tisa walifukuzwa, akiwamo mpiga pasi wa meza ya kwanza, mjane aliyekuwa akimuuguza mama yake kitandani. Kunguru hakufukuzwa. Meneja alijua anachofanya: alimhamishia kiti cha dirishani, penye hewa, akawa anamsalimia kwa jina mbele ya watu. Ikatosha. Hakuna aliyeketi naye tena wakati wa chakula. Mpiga pasi alimsubiri getini, akamtemea mate usoni. "Umetuuza, Kunguru! Wewe umepata dirisha, mama yangu atakula dirisha?" Hili ndilo lililokuwa jaribu lake kubwa kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba hana kosa. Kweli hakuwauza, lakini ni yeye aliyewapeleka. Kwa siku nyingi alijiambia kuwa hofu yake ilikuwa sauti ya Mungu ikimwonya, naye hakuisikiliza.

Wiki ya tatu aliacha kazi. Akaandika tena mistari ile minne, akibadilisha mwombaji tu: mahali pa "sisi wafanyakazi" aliandika "mimi, niliyekuwa mfanyakazi". Akatia saini peke yake. Kuanzia hapo, kila Jumatatu asubuhi alikwenda ofisi ya kazi na nakala mpya. Mumewe alimwona akifunga kilemba mbele ya kioo, akamwambia, "Mama watoto, wewe hata kuku humchinji. Unaenda kupambana na serikali?" Naye akajibu, "Sipambani na mtu, baba. Naenda kuomba." Seremala akavaa viatu akamsindikiza hadi kona ya barabara. Akafanya hivyo kila Jumatatu, akamngoja pale pale hadi arudi. Kila mara alirudi amelowa jasho, na mara nyingi alitapika njiani. Mashahidi wa mambo haya wako wengi, na sioni sababu ya kuyaficha. Wako watakatifu walioyaendea mateso wakiimba. Huyu aliyaendea akitapika.

Machi 1976 alikamatwa kwa tuhuma za uchochezi, akawekwa ndani siku kumi na moja. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lililozibwa kwa mabati. Maneno yaliyosemwa humo tunayajua kupitia kwa mwanamke aliyekuwa akifagia kituoni, aliyepiga deki korido mlango ukiwa wazi.

"Unatetemeka," afisa alisema.

"Ndiyo, afande. Naogopa."

"Sasa si uache?"

"Nikiacha nitaogopa vile vile, afande. Mimi nimezaliwa hivi. Afadhali niogope nikiwa naomba kitu."

Afisa alicheka, kisha akaacha kucheka. Alitaka jina moja tu la mtu aliye nyuma yake. "Ni yule mpiga pasi aliyefukuzwa, sivyo? Tunajua ana hasira. Sema ni yeye, uende nyumbani kwa mwanao. Usiposema, hapa utakaa mpaka mwanao akusahau sura."

Mfagiaji anasema mguu wa kiti ulisikika ukigonga sakafu kwa jinsi aliyekikalia alivyokuwa akitetemeka. Kisha Kunguru akasema, "Hapana, afande. Yule alinitemea mate. Hakuna aliyenituma. Ni mimi na karatasi yangu."

Walimwachia siku ya kumi na moja, pasipo maelezo. Jumatatu iliyofuata akafunga kilemba.

Mfagiaji yule alikuwa jirani wa mpiga pasi, na aliyoyasikia hakuyameza. Jioni moja mpiga pasi alifika kwa seremala, akasimama mlangoni bila kupiga hodi. "Walikuuliza jina langu?" akauliza. Kunguru akaitikia kwa kichwa. "Na mimi nilikutemea mate."

"Niliwaambia hivyo."

Mpiga pasi akacheka huku analia, akavuta kigoda. "Haya, Kunguru, leta kalamu. Lakini safari hii hatupitishi karatasi chini ya vitambaa kama wezi. Watu watie saini siku moja, saa moja, wote wakionana. Asiwepo wa kwanza wa kuitwa."

Ilichukua mwaka mzima na nusu, nyumba kwa nyumba. Wengi waliwafungia milango. Wengine walifungua wakasema ndiyo, kesho yake wakasema hapana. Jumapili ya tarehe 9 Oktoba 1977, baada ya Misa, meza iliwekwa uani mwa kanisa. Kwa robo saa hakuna aliyeisogelea. Watu walisimama wakitazama viatu vyao, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na gari limeegeshwa, watu wawili ndani yake. Kunguru alitia saini, akaiacha kalamu juu ya karatasi. Akafuata mpiga pasi. Kisha, kama mtu aliyesukumwa, mama mmoja wa cherehani, halafu wengine. Walifika mia moja themanini na saba. Kesho yake wote walikwenda ofisi ya kazi, wakasimama nje bila wimbo wala kelele, na wengi wamekiri kwamba hawajapata kuogopa vile tena. Ofisa alichungulia kupitia pazia mara nne. Mara ya tano alitoka akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Tarehe 21 Novemba alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, na mnyororo ukakatwa kwa msumeno, maana meneja alidai ufunguo umepotea. Mlango uliwekewa komeo la kusukuma, ukawa unafunguka kwa nje.

Kunguru hakuwepo. Alikuwa kitandani na homa, na alipoletewa habari aliuliza kama kuna aliyefukuzwa. Alipoambiwa hakuna, akalala hadi kesho yake. Miaka iliyofuata aliwaandikia watu barua zao: za bomba la maji, za vyoo vya shule, za wodi isiyo na vitanda. Nyingi hazikujibiwa. Alifariki tarehe 4 Agosti 1986 kwa ugonjwa wa kifua. Wapo wanaopenda kusimulia kwamba mwishoni hofu ilimtoka na uso wake ukang'aa. Binti yake, aliyekuwepo, anakataa. Anasema mama alimwambia, "Naogopa, mwanangu. Usiniachie mkono." Naye hakumwachia.

Miaka mitatu baadaye, Jumatano asubuhi, moto ulizuka katika stoo ya pamba chini ya ngazi kuu. Safari hii ndoo hazikufaa kitu. Ndani ya dakika chache mlango wa mbele ulikuwa tanuri. Kiwanda kiliungua hadi paa likaanguka. Wafanyakazi walihesabiwa uani mara tatu, kwa sababu msimamizi hakuamini: mia mbili na sita walioingia, mia mbili na sita waliotoka. Tume ya Kanisa ilipoketi kuchunguza maisha ya Mtumishi huyu wa Mungu, padri mmoja msomi alimuuliza mpiga pasi, aliyekuwa amerudishwa kazini na alikuwemo siku ile, "Mama, tuseme ukweli. Huu ni muujiza, au ni mlango tu?" Mpiga pasi akamjibu, "Padri, mimi sikusoma, siwezi kutofautisha. Ninachojua nilipita hapo."

Ndugu waamini, tumezoea kuwaomba watakatifu watuondolee hofu. Huyu hakuondolewa yake, kwa hiyo sidhani kama ni wa kuombwa hivyo. Nami ninayeandika nina neno la kuungama. Siku nne zilizopita wazazi wa shule yetu waliniletea barua. Wanaomba machimbo ya kokoto yaliyo nyuma ya shule yapige king'ora kabla ya kulipua baruti, maana mwezi huu mawe yamedondoka darasani mara mbili. Walikuwa wametia saini watu thelathini na mmoja, wakataka na ya paroko wao. Mwenye machimbo ndiye aliyetuezekea kanisa. Nikaiweka barua chini ya kitabu cha Misa, nikajiambia nimalize kwanza kuandika maisha ya Mama Kunguru. Sasa nimeyamaliza. Nimetia saini mstari wa thelathini na mbili, na mwandiko umepinda kiasi kwamba mtu anaweza kudhani si wangu. Ni wangu. Barua iko mezani katika sakristia, nyuma ya altare, kalamu iko juu yake, na mlango utakuwa wazi mpaka Ijumaa.