Siku Nilipomsimamisha Mtakatifu wa Mama Rosalba

Haya chekeni, lakini mjue mpaka leo nikikutana na majirani wa Mama Rosalba kwenye lifti yao pale Tottenham, huvuta mtandio wangu mpaka puani.

Mama Rosalba ni bibi wa Kikolombia ninayemtunza (kazi yangu ndiyo hiyo, kuwaogesha wazee na kuwapikia), na siku hiyo alikuwa anatimiza miaka themanini, wageni wameshaanza kuingia, nami katika kupangusa vumbi nikakuta kisanamu cha mtakatifu wake kimetumbukizwa kichwa chini kwenye glasi ya maji. Nikasema, lo, wajukuu hawa hawana adabu! Nikakiosha, nikakisimamisha dirishani.

"Nani kamsimamisha?" akauliza bibi mbele ya watu wote.

Mimi na woga wangu: "Kasimama mwenyewe, Mama." (Ulimi huu!)

Kumbe huko shamba alikozaliwa bibi, kaka yake alipopotelea mjini, mama yao alimpindua mtakatifu vilevile ili amrudishe mwanawe, hakumsimamisha mpaka kijana alipotokea uani na matope hadi magotini, jogoo akachinjwa, na baba yao akalia mbele ya watoto. Yote hayo alitusimulia machozi yanamtoka. Na huyu wake naye kampindua kwa ajili ya mwanawe Fabio, waliyegombana naye akaondoka, miaka sasa hapigi hata simu.

"Kama kasimama mwenyewe, basi Fabio yuko njiani!"

Akadai koti. Tukashuka sote, wageni na sahani zao za wali mkononi, akakaa kitini nje ya mlango wa jengo, baridi inakata, majirani wanauliza kuna nini. Kila basi likisimama, ananyanyuka. Mimi moyoni nasema sasa hivi nakiri, nasema ngoja kidogo, mpaka nilipoona midomo inampauka, nikapiga magoti mbele ya kadamnasi nzima.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyemsimamisha."

Binti yake alinitazama nikatamani ardhi inimeze. Tulipopanda juu bibi akanipa ile glasi. "Umemtoa wewe, mrudishe wewe. Na uombe."

Basi mimi, mtoto wa Kizanzibari niliyelelewa chuoni nikisoma Kurani, nikampindua mtakatifu wa watu kwa mkono wangu, na moyoni nikamwomba Mungu amlete Fabio.

Cha mtu nikikikuta kichwa chini, sikigusi tena, wallahi. Lakini nimeshachelewa: siku hizi lifti ikifunguka, anayeanza kuinua kichwa kuona kama ni Fabio si Mama Rosalba, ni mimi.