Jua la Mnyonya Damu

Filamu ilitengenezwa na mpiga picha wa mtaa wetu wa Kalemie, enzi za Zaire, kwa kamera ya video aliyoiazima kwa shemeji yake wa Lubumbashi. Mnyonya damu wake alikuwa mwanamke mzee anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko, kapu kichwani. Aliyemwigiza alikuwa kijana fundi cherehani. Kikwembe, kitenge alichojifunga, kilikuwa cha mama yangu; mpiga picha alikuja kukiomba akisema ni cha picha ya harusi.

Mama aliuza ndakala, dagaa wa ziwa letu. Kila alfajiri alishuka ufukweni kungoja mitumbwi, akichechemea mguu wa kushoto.

Tuliitazama filamu Jumapili mchana, katika chumba nyuma ya studio ya mpiga picha. Kwetu mnyonya damu huitwa mutumbula, na wazee hawakulitaja jina hilo kwa mchezo. Alipotokea kwenye televisheni, mwanamke mmoja alipaza sauti:

"Ee! Huyu si njo Mama wa ndakala?"

"Njo yeye! Muangalie mukulu, ule muguu wa kushoto!"

"Kumbe njo sababu anatokaka na giza!"

Walicheka. Mimi nilitoa daftari.

Jumanne kapu la Mama lilirudi limejaa. Jumatano vilevile. Jirani aliyenunua kwake tangu nikiwa mdogo alimwambia, "Mama, unisamehe, watoto wanaogopa." Mama alizianika upya ndakala zake.

Ningeweza kwenda kumpiga yule mpiga picha, na nilitamani. Lakini nilikuwa karani, nilikuwa na mashine ya kuchapa. Nilichapa ukurasa mmoja, nikaubandika kwenye ukuta wa soko. Nilianza na sifa, maana karatasi ya matusi matupu ingeitwa wivu.

Niliandika kwamba damu ilitengenezwa vizuri: tomati ya kopo na mawese, nzito, hata mimi niligeuza uso. Kwamba kijana alijua kutembea. Alikuwa ameuchunguza mguu wa mama wa mtu kwa bidii kuliko alivyochunguza kazi yake mwenyewe ya kushona. Kwamba pale mutumbula anaposimama mlangoni bila kusema, chumba kizima kiliacha kucheka.

Kisha kasoro. Meno ya muhogo yalidondoka mara mbili, na mara ya pili mutumbula aliyaokota. Usiku ulikuwa mchana uliofunikwa plastiki ya buluu, na kuku walikuwa wakidonoa nyuma yake. Kasoro kubwa niliiweka mwisho. Mutumbula anauawa na jua la asubuhi, na jua lile linaonekana juu ya vilima. Hapa Kalemie jua hutoka ziwani. Vilimani huzama. Bwana huyu alipiga picha ya jioni akaiita alfajiri, kwa sababu alfajiri hajawahi kuiona, huwa amelala. Angeamka, angemkuta mwenye kikwembe kile ufukweni, jua likimpiga usoni, akigombana na wavuvi, na haungui. Anayetaka kuhakikisha aende kesho.

Walikwenda wengi. Walimkuta Mama akimfokea mvuvi, uso wake mwekundu kwa mwanga wa jua linalochomoza, na kapu lake likaisha kabla hajafika sokoni.

Siku ya tatu mpiga picha naye alishuka, macho yamevimba kwa usingizi. Kila alipopita mtaani watoto walikuwa wakimuuliza ni saa ngapi. Mama alinyoosha kidole kuelekea ziwani.

"Papa, jua linatokaka wapi?"

"Kwa ziwa, Mama."

"Sema kwa nguvu. Hawa bamama hawasikie."

"Kwa ziwa!"

"Tena!" wakapiga kelele wanawake. Akasema tena.

Alinigeukia. "Ndugu yangu, unaniua. Ondoa ile karatasi."

"Rudisha kikwembe kwanza, Papa."

Alikileta mchana huohuo, kimefuliwa na kupigwa pasi, doa la mawese kwenye pindo. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.

Karatasi sikuiondoa.